Dave Mtamu na Kile Chumba Maalumu

(Hotuba kwa watumishi wapya wa masijala ya siri. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi, na kupunguzwa pale msemaji alipokohoa.)

Ndugu mwenyekiti, wakuu wangu wa kazi, na ninyi vijana mliokula kiapo cha kutunza siri juzi tu, ambao wino wa sahihi zenu haujakauka. Nimepangiwa saa moja mara baada ya chakula cha mchana, saa ambayo usingizi nao una ajenda yake. Basi nitaanza na mizaha, maana mizaha ndiyo iliyonileta hapa.

Mnaijua. Habari ikitoka tu kwamba ofisa fulani wa nchi fulani amenaswa na mrembo wa mtandaoni akamwaga siri za serikali, haipiti nusu saa simu zetu zinaanza kulia. Mmoja anaandika: "Mwaka wa nne huu natafuta jasusi wa kunitongoza, hata wa nchi ndogo, simpati." Mwingine anabandika picha ya paka aliyevaa miwani ya jua, na chini yake: "Natasha, miaka 24, yuko mita 300 kutoka ulipo, na angependa sana kujua makombora yanalala wapi." Wa tatu anauliza kama kuna fomu ya kujaza, au ni kwa kujuana. Mimi hucheka. Paka yule nilimtumia mke wangu, akanijibu kwamba kwa siri nilizonazo mimi, jasusi atadai kurudishiwa nauli.

Lakini kazi yangu inanitaka nisome pia makaratasi ambayo mizaha hiyo inatoka: hati za mashtaka, taarifa za majeshi, maungamo ya watu mahakamani. Na kila nikiyasoma naona kwamba tunacheka mahali pasipo.

Twende kwa mfano uliochekesha dunia nzima. Machi 2024 Marekani ilimkamata David Franklin Slater, luteni kanali mstaafu wa jeshi la nchi kavu, aliyekuwa akifanya kazi kama raia kwenye Kamandi ya Kimkakati, kambi ya Offutt, Nebraska. Hiyo ndiyo kamandi inayosimamia silaha za nyuklia za nchi ile. Alikuwa akihudhuria mikutano ya ndani kuhusu vita vya Urusi na Ukraine, mikutano ya daraja la siri kuu, na wakati huohuo, kati ya Februari na Aprili 2022, alikuwa akiandikiana kwenye tovuti ya kutafutia wapenzi na mtu aliyejitambulisha kuwa mwanamke anayeishi Ukraine. Julai 2025 alikiri kosa mbele ya mahakama.

Waendesha mashtaka waliweka baadhi ya jumbe za huyo "mwanamke" kwenye hati, na hapo ndipo mitandao ilipowaka moto. Nawasomea kwa Kiswahili changu. "Mpenzi, kwenye zile skrini za chumba maalumu wanaonyesha nini? Inavutia sana." Mwingine: "Dave mtamu, ugavi wa silaha ni siri kabisa, jambo ambalo ni zuri!" Na huu, ambao watu waliufanya wimbo: "Wewe ndiwe wa kwanza kuniambia kwamba watu wa NATO wanasafiri kwa treni, na sasa hivi tu, tayari jioni, ndiyo imetangazwa kwenye habari zetu. Wewe ni mpenzi wangu mtoa habari wa siri!"

Chekeni, chekeni, nawasubiri.

Mtu anamwambia ofisa wa kamandi ya nyuklia, kwa maandishi, bila kuficha, "mpenzi wangu mtoa habari wa siri", na ofisa haoni kitu. Hata mtoto anayejificha nyuma ya pazia hukumbuka kuvuta miguu. Ndiyo maana mzaha ulienea: ulikuja tayari umepikwa, hakuna wa kuongeza chumvi.

Ila ule ujumbe wa treni haukuishia hapo. Baada ya "mtoa habari wa siri" kuna swali jingine, na sijaona hata mzaha mmoja uliolitumia. Linasema: "Mikutano yako ilikwendaje? Ilifanikiwa?"

Sasa tulieni na hilo. Nani kati yenu ameulizwa wiki hii kama mikutano yake ilifanikiwa?

Naona mnaangaliana.

Kazi hii mliyoiapia ina upweke wake, na kitabu cha kanuni mlichopewa hakina ukurasa unaousema. Utaingia asubuhi, utaacha simu kwenye kisanduku mlangoni, utashinda na jambo ambalo dunia ingelipenda kulijua, na jioni utarudi nyumbani ukiulizwa habari za kazi useme "salama tu". Miaka kumi ya "salama tu". Mkeo au mumeo ataacha kuuliza, na ana haki. Kisha siku moja, kutoka upande wa pili wa kioo cha simu, anatokea mtu anayeona unachokifanya ni kikubwa, na anataka kujua kimekwendaje leo. Ya nyumbani kwa Slater si yangu kuyachokonoa. Ninachosema ni kwamba zile jumbe zilizo kwenye hati ya mashtaka, ukizipekua upya, utakuta "mpenzi" na "mtamu" ni sukari ya juu tu. Kilichokuwa kwenye kikombe ni hiki: wewe ni mtu muhimu, na umekuwa wa kwanza kujua.

Mnaniuliza ushahidi uko wapi kwamba ni sifa na si tamaa? Mtoeni mrembo kabisa kwenye hadithi, muone kama siri zitabaki ndani. Julai 2021 mchezaji mmoja wa mchezo wa kompyuta wa War Thunder, aliyejitambulisha kuwa kamanda wa kifaru, alibandika kurasa za mwongozo wa kifaru cha Uingereza, Challenger 2. Hakuna aliyemtongoza. Alitaka tu watengenezaji wa mchezo wakubali kwamba kifaru chao kimechorwa vibaya. Mwaka huohuo akaja wa kifaru cha Ufaransa, mwaka uliofuata wa risasi ya kifaru cha Kichina. Siku hizi ni mzaha wenyewe: ukitaka siri ya jeshi usipeleke mrembo, peleka mtu abishe kwa makosa. Halafu Aprili 2023 akakamatwa Jack Teixeira, kijana wa miaka 21 wa kikosi cha akiba cha anga cha Massachusetts, aliyekuwa akiwapakulia wenzake wa michezo ya video nyaraka za siri kuu kwenye Discord, jukwaa la soga la mtandaoni. Walikuwa vijana wadogo, na yeye kati yao alikuwa ndiye mjuzi. Alihukumiwa miaka 15. Hakupata busu hata moja.

Anayeuza kwa pesa walau anajijua. Kevin Mallory, aliyewahi kuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alitafutwa mwaka 2017 kupitia LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, na aliwaandikia wenziwe wa China sentensi kavu kuliko zote nilizosoma katika fani hii: lengo lenu ni kupata habari, lengo langu ni kulipwa. Alipata miaka 20. Huyo hana mzaha wowote mtandaoni, maana hakuna anayejiona ndani yake.

Wengine mnamkumbuka Samsoni kwenye Biblia. Picha zinamwonyesha amelala mapajani mwa Delila kama mlevi wa mapenzi. Someni vizuri. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi Delila vipande 1,100 vya fedha kila mmoja, na yeye alimuuliza waziwazi: nguvu zako zinatoka wapi, na ufungwe kwa kitu gani ili ushindwe? Waziwazi kama "mtoa habari wa siri". Mara tatu Samsoni akamdanganya, mara tatu akaitiwa kwamba Wafilisti wamemjia. Mtu yeyote angeondoka. Delila akabadilisha swali, akamwambia utasemaje unanipenda na moyo wako hauko nami. Akambana hivyo kila siku mpaka roho ikachoka. Ile ya nne akasema kweli. Yule shujaa alishindwa na kuchoka kuwa na siri peke yake.

Kitu kingine ambacho mizaha inakosea ni jinsia. Mtandaoni jasusi ni Natasha, na anayenaswa ni mzee mwenye kitambi. Lakini mradi mkubwa kuliko yote wa aina hii ulikwenda kinyume: Ujerumani Mashariki, chini ya mkuu wake wa ujasusi wa nje, Markus Wolf, ilituma wanaume, waliokuja kuitwa Romeo, kwenda Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati ule, kuwatafuta makatibu muhtasi wa wizara na ofisi za serikali ya Magharibi. Wasovieti nao walifanya hivyohivyo. Walengwa hawakuwa mawaziri. Walikuwa wapiga chapa na watunza majalada. Ninyi. Leonore Sütterlin, katibu wa wizara ya mambo ya nje, aliolewa mwaka 1960 na mwanamume wa KGB, ujasusi wa Wasovieti, na akampitishia nyaraka kama 3,000. Mwaka 1967 mambo yalipofichuka, akiwa mahabusu, aliambiwa kwamba mumewe alimwoa kwa maagizo. Alijiua gerezani. Huyu naye hana paka wa miwani.

Sasa niwasimulie yangu, na naomba mwenyekiti asiandike jina la idara.

Wakati ule nilikuwa mtunza bohari. Karatasi, kalamu, viti, tona za wino wa mashine za kuchapia, funguo za stoo mbili. Ikaja profaili yenye picha ya mwanamke amekaa kwenye benchi na kitabu. "Habari. Nimeona uko serikalini. Lazima kazi yako ni nzito." Jamani! Katika maisha yangu yote aliyewahi kusema kazi yangu ni nzito ni mgongo wangu wenyewe. Nikamjibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba tunajitahidi. Siku ya pili akaniuliza nimeshindaje. Nikamweleza habari ya tona zilizoletwa zisizolingana na mashine, aya nzima, na akasikitika pamoja nami. Kuna mtu duniani aliyesikitikia tona zangu! Siku ya tatu nilimngoja. Nasema ukweli, niliangalia simu nikiwa kikaoni mara sita.

Siku ya nne akauliza kama jengo letu lina jenereta, mafuta yake anayasainia nani, na walinzi wa usiku hupokezana saa ngapi, maana eti kaka yake anafanya kazi kama hiyo na huwa anachoka sana. Nikaanza kuandika. Nimeshaandika aya mbili, tena kwa fahari, maana mafuta nilikuwa nasainia mimi. Simu ikazima.

Chaji iliisha. Hicho ndicho kilichoniokoa, msije mkasema ni hekima. Nikaichomeka ukutani, nikasubiri, ilipowaka ile rasimu ilikuwa bado ipo, nami nikaisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mjinga sana. Alikuwa ameweka na saa.

Yangu ilikuwa ya kizamani. Wenzetu wamekwenda mbali, na hapa nitapita haraka kwa sababu mafundi watawaeleza kesho. Mwaka 2010 mtaalamu wa usalama Thomas Ryan alieleza jaribio lake: alimbuni binti aitwaye Robin Sage, miaka 25, mchambuzi wa vitisho vya mtandao, mwenye uzoefu wa miaka 10. Piga hesabu: aliajiriwa na miaka 15. Jina lenyewe ni la zoezi maarufu la vikosi maalumu vya Marekani. Kwa siku 28 alipata marafiki kama 300, wengi wa jeshi, ujasusi na kampuni za ulinzi. Alialikwa chakula cha jioni, akapewa na ahadi za kazi. Mwaka 2019 shirika la habari la AP likaonyesha "Katie Jones" wa LinkedIn, mwenye marafiki wakubwa wa Washington na uso uliochorwa na kompyuta. Kilichomfichua ni vitu kama hereni iliyoyeyuka pembeni ya sikio. Msitegemee hereni. Siku hizi zinatoka safi.

Lakini ujanja nilioupenda, kama mtu anaruhusiwa kupenda ujanja wa namna hii, ulitangazwa na jeshi la Israeli Februari 2020. Wasichana bandia, ambao jeshi lilisema nyuma yao wako watu wa Hamas, walikuwa wakiwaandikia askari na kuwapakulisha programu za kupekua simu. Sasa, Kiebrania chao kilikuwa kibovu, na simu ya sauti wasingeweza kupokea. Walifanyaje? Walisema wao ni wahamiaji wapya, au hawasikii vizuri. Basi! Kasoro ikageuka kuwa sababu ya kuhurumiwa. Askari aliyekaribia kushuku, akaona aibu kumshuku kiziwi.

Hiyo aibu ndiyo niliyotaka kuifikia, na nimezunguka sana.

Rudini kwa Robin Sage. Ryan mwenyewe alisema siri ya binti huyo ilivuja siku ya pili! Kuna watu walipiga namba ya simu aliyoiweka, wengine wakamtafuta kwenye orodha ya wahitimu wa MIT, chuo cha Marekani alichodai kusoma, hayupo. Walijua. Na bado siku 26 zilizofuata wengine waliendelea kuingia, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupiga kengele ikasikika kwa wote. Angalieni na Uingereza, Aprili 2024. Wabunge na wasaidizi wao walikuwa wakipokea jumbe za WhatsApp kutoka kwa "Charlie" au "Abi", mtu aliyejifanya kuwajua. Mbunge William Wragg akajitokeza kwenye gazeti akakiri kwamba aligawa namba za simu za wenzake kwa mtu aliyekutana naye kwenye programu ya wapenzi. Alikuwa ameshamtumia picha zake za faragha, na mtu yule akawa na kitu cha kumshikia. Alisema aliogopa.

Aliogopa nini? Picha ikitoka haiui. Kinachouma ni sisi. Ni nusu saa ile ya kwanza, simu zikilia, paka kavaa miwani. Kila mwenye siri aliyewahi kupokea ujumbe wa ajabu ameshaiona mizaha yote kabla hajanaswa, na huenda naye ameitengeneza miwili mitatu. Anajua hasa atakavyochekwa, kwa maneno gani, na kundi gani la WhatsApp litaanza. Kwa hiyo siku ya nne, anapoulizwa swali la jenereta na moyo ukampiga, ana njia mbili. Aende kwa mkuu wake, awe kichekesho cha ofisi leo hii. Au ajibu swali moja dogo, ambalo labda halina madhara. Na mwenye kumvua anazijua njia zote mbili, ndiyo maana swali la kwanza huwa dogo. Akishajibu dogo, swali la pili linakuja na skrinishoti ya jibu la kwanza.

Hatumlipi posho huyo jasusi, lakini nusu ya kazi yake tunamfanyia sisi, bure, tukicheka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi aliyetoa siri aonewe huruma, sheria ipo na ichukue mkondo wake, na sipendekezi kamati ya kuzuia vichekesho, maana itakaa miaka miwili na kutoa ripoti yenye ukurasa wa kusameheana. Lakini kuripoti kunasaidia: jeshi lile la Israeli lilipotangaza operesheni ya kwanza ya namna hii, kisha ya pili mwaka 2018, ile ya programu bandia ya Kombe la Dunia, sehemu ya habari zake zilitoka kwa askari walioshuku na kuripoti. Vijana wa miaka 19 na 20, ambao walilazimika kumwambia mkubwa wao: afande, kuna msichana nimeongea naye. Hebu fikirini uzito wa sentensi hiyo.

Mimi niliisema. Ngoja nimalizie ile ya bohari.

Niliiprinti ile mazungumzo yote, kurasa saba, nikampelekea mkuu wangu. Mtu mwema, mchapakazi, sasa amestaafu. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya. Alipofika kwenye tona akacheka mpaka akashika meza. Akamwita mhasibu. Mhasibu akamwita dereva. Wakasoma kwa sauti, mmoja akiwa mimi na mwingine akiwa mwanamke wa kwenye benchi. Nami nilicheka, ungefanyaje? Kisha, kwa haki yake, akapeleka taarifa kunakohusika na walinzi wakabadilishiwa zamu. Kila kitu kilifanyika kama kitabu kinavyotaka. Tangu siku hiyo nikaitwa Agenti Tona. Kwenye kikombe changu cha chai. Kwenye kadi ya harusi yangu, jamani.

Miezi miwili baadaye, jioni, watu wameshatoka, akaja bwana mmoja wa chumba cha mawasiliano. Chumba kile, si bohari. Mtu mzima, mkubwa kwangu kwa umri na cheo, hajawahi kukanyaga stoo yangu. Akasimama mlangoni na simu mkononi, kioo kinawaka, akaniita "kaka". Akaniuliza:

"Ile siku ulipowaambia, walicheka muda gani?"

Ningemdanganya. Ningeweza kusema dakika tano. Lakini nilikuwa na kikombe kile mkononi, kimeandikwa, naye alikuwa anakisoma. Nikamwambia hawajamaliza.

Akazima kioo, akaiweka simu kwenye mfuko wa shati, akasema alikuwa anapita tu kunisalimia.